Dawa Kinga Ipo, Nani Ataandika Cheti?

Kinga ni bora kuliko tiba. Maneno haya huyasikia kila mtoto wa skuli, na ni nadra mkutano wa afya kufungwa bila ya kutajwa. Lakini ipo kinga moja ambayo imethibitishwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 10 sasa, na bado wengi wanaoihitaji hawaijui. Lililo zito zaidi ni kwamba hata miongoni mwa madaktari na matabibu waliokabidhiwa kazi ya kuitoa, wapo wasioijua vya kutosha. Kinga hiyo ni vidonge anavyokunywa mtu asiyekuwa na virusi vya UKIMWI ili asiambukizwe. Wataalamu huiita PrEP, na kwa lugha yetu imepewa jina zuri la dawa kinga.

Leo tungependa kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa faida ya wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba, na kwa faida ya wakubwa waliopewa dhamana ya afya zetu.

Maradhi ya UKIMWI si mageni kwetu. Wagonjwa wa mwanzo katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hapa Zanzibar mwaka 1986. Tangu wakati huo visiwa vyetu vimejaaliwa kubaki na kiwango kidogo cha maambukizo, chini ya mtu 1 katika kila watu 100, wakati wenzetu wa Bara wamekuwa na kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko hicho. Tuna haki ya kumshukuru Mungu kwa neema hiyo. Hata hivyo, udogo wa hesabu una hatari yake. Hesabu ikiwa ndogo kwa nchi nzima, ni rahisi kusahau kwamba ni kubwa kwa baadhi ya watu. Wanaojidunga dawa za kulevya, wanawake wanaouza miili yao kwa shida ya maisha, na watu ambao wake zao au waume zao wana virusi, hao hawaishi katika kiwango kile kidogo tunachojivunia. Maradhi huko yamejikusanya, na yakiachwa hujitafutia njia ya kutoka.

Hebu tueleze kwanza dawa yenyewe. Dawa kinga iliyozoeleka ni kidonge kimoja cha kila siku chenye dawa mbili ndani yake, tenofoviri na emtrisitabini. Marekani iliiruhusu kutumika kwa kazi ya kukinga mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo lake mwaka 2015, kwamba ipewe kila mtu aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Jirani zetu wa Kenya waliizindua kwa nchi nzima mwaka 2017, na Tanzania nayo imeiingiza katika huduma zake. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto ya kesho. Tunazungumzia dawa iliyokwishapita katika mizani.

Tena ni vyema ieleweke kwamba mizani hiyo haikuwa ya nchi za mbali peke yake. Ushahidi mmoja mkubwa kuliko yote ulipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mume na mke 4,747 kwa 4,747, yaani jozi zote hizo za wananchi wa Kenya na Uganda, walikubali kuingia katika utafiti. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na mwenziwe hana. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba miongoni mwa waliopewa kidonge chenye dawa mbili, maambukizo yalipungua kwa asilimia 75 kuliko miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na wale ambao damu zao zilionyesha kwamba kweli walikuwa wakikinywa, walikingika zaidi ya hapo. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Ipo dhana iliyoenea kwamba dawa kinga ni dawa ya wahuni. Hao waliotupa ushahidi huu walikuwa watu wa majumbani, wenye wenzi wao na watoto wao, waliotaka kuendelea kuishi pamoja.

Sasa tuulize: ikiwa dawa ipo na inafanya kazi, kuna kizuizi gani kati yake na mwenye kuihitaji? Vizuizi ni vingi, lakini kimoja hakitajwi sana, nacho ni kalamu ya daktari. Dawa hii hainunuliwi dukani kama panadoli. Lazima mtu apimwe, ashauriwe, na aandikiwe cheti. Daktari asiyeijua hawezi kuiandika, na asiyeuliza hawezi kujua nani wa kumwandikia.

Haya yamekwishatokea katika nchi yenye mali nyingi na madaktari wengi. Mwaka 2015, ikiwa ni miaka 3 tangu dawa kuruhusiwa Marekani, idara ya Serikali ya nchi hiyo inayosimamia udhibiti wa maradhi ilitangaza kwamba madaktari na wauguzi wa huduma za mwanzo wapatao 34 katika kila 100 walikuwa hawajapata hata kuisikia dawa kinga. Hao ndio madaktari ambao mwananchi huonana nao kabla ya kufika kwa bingwa yeyote. Watafiti wa huko waligundua na jambo jingine la ajabu zaidi. Mabingwa wa UKIMWI walisema kwamba kuandika dawa hii ni kazi ya daktari wa kawaida, kwa sababu yeye ndiye anayeonana na watu wazima wasiokuwa na virusi. Daktari wa kawaida naye akasema kwamba dawa za virusi ni kazi ya mabingwa. Kila mmoja alimtazama mwenziwe, na mwananchi akabaki katikati. Ilifika mwaka 2021 mwongozo wa nchi hiyo ukawataka madaktari wawaeleze juu ya dawa kinga watu wazima wote na vijana wanaofanya tendo la ndoa, bila ya kungoja mgonjwa aanze kuuliza.

Hatulitoi jambo hili ili tuwacheke Wamarekani. Tunalitoa kwa sababu mlango huo wa kutupiana kazi uko wazi kwetu pia, na pengine kwetu ni mpana zaidi. Sisi tumeuzoea mpango wa kuiweka kila shughuli ya UKIMWI katika kliniki yake, yenye chumba chake na wahudumu wake. Mpango huo umewasaidia sana wanaoishi na virusi. Lakini mtu mzima hana sababu ya kwenda katika kliniki ya wagonjwa. Yeye huenda katika kituo cha afya cha karibu na kwao, kwa sababu ya homa, kwa sababu ya uzazi wa mpango, au kwa sababu ya maumivu anayoona haya kuyataja. Ikiwa tabibu au muuguzi wa kituo hicho haijui dawa kinga, basi kwa mwananchi huyo dawa hiyo haipo duniani.

Tuchukue mfano. Si wa mtu fulani. Ni wa hali iwezayo kutokea katika kituo chochote cha pwani. Kijana mvuvi amerudi kutoka dago. Anafika kituoni akilalamika kwamba anaungua anapokojoa. Tabibu anamkuta na kisonono, anampa dawa, na anamhimiza amlete na mwenziwe. Kazi imefanywa. Baada ya miezi michache kijana yule yule anarudi na maradhi yale yale, naye anatibiwa kwa dawa zile zile. Hakuna aliyempima virusi, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu apatwaye na maradhi ya zinaa mara kwa mara yuko karibu sana na mlango wa UKIMWI. Anarudi mara ya 3, na safari hii anapimwa, na kipimo kinaonyesha kuwa ameambukizwa. Hapo ndipo huduma zote zinapomfungukia: mshauri, kadi, miadi, na dawa za maisha. Sisi tunauliza: huduma hizo zilikuwa wapi alipokuja mara ya kwanza na ya pili, naye bado hana virusi?

Tuchukue na mfano wa pili. Mama aliyeolewa anakuja kliniki na kumnong'oneza muuguzi kwamba mumewe amepimwa na kukutwa na virusi, na yeye bado hana, na wote wawili wanataka mtoto. Muuguzi asiyekuwa na elimu ya dawa kinga atakuwa na majibu mawili tu ya kumpa: atumie mipira, au asahau kuzaa. Muuguzi aliyefundishwa atamweleza kwamba mumewe akinywa dawa zake barabara mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu, hatamwambukiza kwa njia ya tendo la ndoa. Na kwamba katika miezi ile ya mwanzo, kabla dawa za mume hazijavidhibiti virusi, yeye mke anaweza kulindwa kwa dawa kinga kama kwa daraja la kuvukia. Tofauti ya majibu hayo ni tofauti ya maisha ya nyumba nzima.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ngumu na matabibu wetu wana kazi nyingi. Kazi nyingi tunaikubali, kwani tunaziona foleni. Ugumu hatuukubali. Mambo ambayo tabibu wa kituo anapaswa kuyajua yanaenea katika ukurasa mmoja.

Kwanza, asichanganye dawa tatu zinazofanana. Anayeishi na virusi hunywa mchanganyiko wa dawa, aghalabu tatu, kila siku kwa maisha yake yote, nayo ni tiba. Aliyekwisha kukutana na hatari, kama aliyebakwa au muuguzi aliyechomwa na sindano, hupewa dawa za dharura zinazopaswa kuanzwa kabla ya kupita saa 72, na kuendelea kwa siku 28. Dawa kinga ni nyingine: hunywewa kabla ya hatari, na huendelea kwa muda wote ambao hatari ipo. Hatari ikiondoka, mtu anaweza kuiacha kwa ushauri wa tabibu.

Pili, asiiandike kabla ya kupima virusi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Dawa mbili zinatosha kuvizuia virusi visiingie, lakini hazitoshi kuvitibu vikiwa vimekwishaingia. Mwenye virusi akipewa dawa mbili tu, virusi hujifunza kuzishinda, na baadaye tiba yake huwa ngumu. Kwa sababu hiyo hiyo hupimwa tena baada ya mwezi 1, kisha kila baada ya miezi 3.

Tatu, aangalie mafigo, hasa kwa watu wazima wenye umri mkubwa na wenye kisukari au shinikizo la damu, kwani tenofoviri huweza kuyaathiri kwa baadhi ya watu. Aangalie pia homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hizi huvitia nguvuni hata virusi vya maradhi hayo, na kuziacha ghafla huweza kuyaamsha. Madhara mengine, kama kichefuchefu na maumivu ya tumbo, aghalabu huisha katika wiki za mwanzo.

Nne, amwambie mwenye kuitumia ukweli wote. Kinga haianzi kwa kidonge cha siku ya kwanza. Kwa wanawake Shirika la Afya Duniani linataja siku 7 za kunywa mfululizo. Dawa hii haizuii kisonono, wala kaswende, wala mimba, na kwa hivyo mipira ina kazi yake pale pale. Na kidonge kilichobaki ndani ya kichupa hakimkingi mtu. Utafiti mmoja uliohusisha wanawake wa Kenya, Afrika ya Kusini na Tanzania, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, haukuonyesha faida yoyote ya dawa, na sababu kubwa iliyoonekana katika damu zao ni kwamba wengi hawakuwa wakiinywa. Hilo ni fundisho kwa tabibu kuliko kwa mgonjwa. Cheti kisichofuatana na mazungumzo ni karatasi tu.

Baada ya elimu inakuja haya, na hapa ndipo penye uzito wetu sisi watu wa visiwani. Tabibu wetu ni mtoto wa mtaa. Anamjua mgonjwa, anawajua wazee wake, huenda wanasali msikiti mmoja. Kumuuliza mtu kama huyo habari za siri zake ni jambo zito, na baadhi ya matabibu huogopa kwamba kwa kuandika dawa kinga wataonekana wanaupa uzinifu baraka. Tunaiheshimu hofu hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Daktari si kadhi, wala meza yake si mahakama. Anayetibu kisonono hajaubariki uzinifu, na anayemfunga bandeji aliyeumia katika ugomvi hajaubariki ugomvi. Mafundisho ya dini na malezi ya wazazi yana mahali pake, tena pakubwa, na hakuna kidonge kitakachoshika nafasi yake. Lakini aliyefika mbele ya tabibu amekuja kutafuta uhai wake, na roho iliyookolewa ina muda wa kutubu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Tukiyaficha haya katika chumba cha daktari, hatuna mahali pengine pa kuyasema.

Jambo hili lina haraka yake pia. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ruhusa iliyotolewa baadaye kwa ajili ya huduma za UKIMWI iliibakisha dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Nchi nyingi za Kiafrika zilipata mshituko. Somo lake ni lile lile tulilofundishwa zamani, kwamba mwenye kutegemea cha nduguye hufa maskini. Huduma iliyojengwa pembeni, kwa fedha za mradi na wafanyakazi wa mradi, huondoka na mradi. Huduma iliyo ndani ya elimu ya kila tabibu wa kituo cha afya haiondoki na mtu.

Upande wa pili kuna habari njema zinazokuja, nazo pia zinataka matayarisho. Sindano ya kinga iitwayo lenacapavir hudungwa mara 2 tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanywa Afrika ya Kusini na Uganda, na kutolewa matokeo yake mwaka 2024, wanawake na wasichana 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuambukizwa hata mmoja. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi wa Julai mwaka 2025, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo yakatangazwa makubaliano ya kuiuza sindano isiyo ya kampuni ya asili kwa kiasi cha dola 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kuanzia mwaka 2027, katika nchi 120 zenye kipato kidogo na cha kati. Bei inashuka na dawa inazidi kuwa nyepesi. Lakini ikiwa tabibu hakuijua dawa ya kidonge, kuna uhakika gani kwamba ataijua ya sindano?

Kwa hayo tunatoa rai yetu kwa wahusika. Elimu ya dawa kinga iingizwe katika masomo ya kila tabibu na muuguzi, na waliokwisha kuhitimu wafundishwe huko huko vituoni waliko. Kila kituo cha afya kiwe na ukurasa mmoja wa maelezo ubandikwe ukutani, ukisema nani aulizwe, nani apimwe na nani aandikiwe. Kituo kisichoweza kuitoa dawa kijue kwa jina na kwa siku ni wapi pa kumpeleka mtu, na kifuatilie kama alifika. Kila anayetibiwa maradhi ya zinaa, kila mwenye mwenza anayeishi na virusi, na kila anayejidunga, asiondoke bila ya kupimwa na kuelezwa. Na chumba cha mazungumzo kiwe na mlango unaofungika. Hili la mwisho laonekana dogo, lakini siri ikitoka mara moja, watu wa shehia nzima hawatarudi.

Kwa wananchi wenzetu tunasema hivi: msingoje kuulizwa. Mwenye shaka na hali yake aende akapime, na kama hana virusi lakini anajua kuwa yuko katika hatari, amuulize tabibu wazi wazi juu ya dawa kinga. Tabibu akisema haijui, si aibu. Aombwe aitafutie habari, na mtu arudi tena. Maswali ya wananchi ni skuli nzuri kwa matabibu kuliko semina nyingi.

Visiwa vyetu vimelindwa kwa muda mrefu na uchache wa maambukizo, na uchache huo ni amana tuliyopewa. Tabibu ana dawa, ana kipimo na ana kalamu. Kilichobaki ni amuulize mgonjwa wake swali moja zaidi kabla hajamwita anayefuata.